Mrejesho: Hiace nimeinunua hapahapa Mwanza

Wakuu, niliuliza kama niagize Toyota Hiace kutoka Japani au ninunue ya hapa Mwanza, ya kuweka kitanda na jiko tulale humo tukisafiri na familia. Asanteni sana kwa michango.

Nimechukua ya hapa. Ile ya Japani ilivutia, na karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani) ilikuwa na alama 4, yaani hali nzuri. Lakini bei ya CIF (gari, bima na usafiri wa meli) inaishia bandarini tu. Nilipoingia kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato), kodi zikapanda, maana gari ikiwa na umri mkubwa inaongezewa ushuru wa uchakavu. Bado wakala wa forodha, usajili, na mafuta ya kuitoa Dar hadi huku.

Ya hapa nilikwenda na fundi wangu. Tuliiwasha asubuhi injini ikiwa ya baridi, tukaangalia moshi, akalala chini kukagua kutu kwenye chasisi. Kwa gari la kulalia mimi naona hapo ndipo penye uzito wote: ukishaweka mbao na godoro, kutu ya sakafuni huioni tena. Alikuta bushi (raba za kwenye miguu ya gari) zimekwisha, mwenye gari akapunguza bei.

Kabla ya kulipa nililinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kadi ya gari, nikaangalia madeni ya faini za barabarani. Uhamisho wa umiliki TRA unaendelea.

Sasa natafuta fundi seremala aliyewahi kutengeneza vitanda vya kukunja ndani ya gari. Mwenye namba ya simu ya fundi huyo anitumie PM (ujumbe wa faragha).