Boxer kwa pikapu kutoka Malindi hadi Hindi: ilazwe au isimamishwe?

Mwana_Hindi

Asalaam aleikum wakubwa. Kuna pikipiki ya Boxer BM 150 ya kutolewa Maweni, Malindi, ipelekwe Hindi, Lamu. Gari lililopatikana ni Toyota Hilux ya kabini mbili, kwa hiyo bodi ya nyuma ni fupi. Mwenye gari anasema pikipiki italazwa ubavu juu ya godoro kuukuu, ifungwe kwa mipira ya tyubu, na kijana akae nyuma aishikilie mpaka tufike. Mpango huu haunitulizi moyo. Ilazwe au isimamishwe? Bodi fupi itatosha? Kamba za aina gani, ngapi, na zifungwe wapi? Na tutaipandishaje ikiwa hakuna jukwaa la kupakilia? Lami ipo mpaka Hindi, ila matuta ya Gongoni na Marereni mnayajua.

fundi_barani

Waaleikum salaam. Isimame. Madhara ya kuilaza hayaishii kwenye mikwaruzo. Boxer ni ya kabureta, na kabureta ina kikombe chenye tundu la kutolea petroli ya ziada. Ukiilaza, petroli inatoka hapo na kwenye kifuniko cha tangi, inalowesha godoro, na humo ndani ya bodi kuna vyuma vinavyosuguana na jua kali. Betri ikiwa ni ya maji, tindikali inamwagikia fremu na nyaya. Oili ya injini nayo inapita kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye chujio la hewa. Petroli au oili ikiingia juu ya pistoni, mtu akafika akaisimamisha na kukanyaga kiki papo hapo, kiki itagoma, na akiilazimisha kwa mwili mzima ataharibu vitu vya ndani vinavyogharimu kuliko nauli ya pikapu. Ikitokea imelala kwa bahati mbaya, isimamishe nusu saa, toa plagi, kanyaga kiki polepole mara kadhaa ili kilichomo kitoke, angalia kiwango cha oili na ukague chujio kabla ya kuwasha.

Kijana asikae nyuma. Boxer ina kilo 120 hivi. Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya huhesabu kwamba dereva akishika breki kwa ghafla mzigo husukuma kwenda mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na kwenye kona husukuma ubavuni kwa nusu yake. Hapo ni kilo 96 mbele na kilo 60 ubavuni, zikija kwa mpigo. Hakuna mkono wa mtu unaozuia hayo, na pikipiki ikianguka itamwangukia yeye.

Mipira ya tyubu ni mizuri kwa kreti za soda. Kwa pikipiki haifai kwa sababu inavutika: gari likipanda tuta pikipiki inaruka, mpira unairuhusu, kisha unairudisha kwa nguvu upande usioutaka. Tafuta mikanda minne ya racheti (yenye kifaa cha meno cha kukazia), upana wa milimita 25 kwa uchache, na ukipata ya 38 ni bora zaidi. Soma lebo yake. Ikiwa na namba mbili, kubwa ni nguvu ya kukatikia na ndogo ni mzigo wa kazi; fuata ndogo, na isipungue kilo 200 kwa kila mkanda. Mkanda usio na lebo, au uliochanika ukingoni, uache dukani.

Sasa mahali pa kufunga, na hapa ndipo wengi hukosea. Mikanda miwili ya mbele ishike kile chuma cha chini kinachozishika shoki mbili za mbele, juu kidogo ya madigadi. Usifunge kwenye ncha za usukani: ukikaza racheti usukani unazunguka ndani ya vishikio vyake, mkanda unalegea, na mkono wa klachi unapinda. Kulabu la chuma lisiguse chuma cha pikipiki moja kwa moja. Pitisha kwanza kitanzi cha mkanda laini, kisha kulabu likamate kitanzi. Kutoka hapo vuta kwenda mbele, nje na chini, upande wa kushoto na wa kulia sawasawa, mkanda ukae kama nyuzi 45. Ukiuvuta karibu na ulalo, nguvu yote inakwenda ubavuni na haibaki ya kuibana pikipiki chini.

Kaza kwa zamu, meno mawili matatu huku, meno mawili matatu kule, pikipiki ikiwa wima kabisa. Shoki zishuke kati ya theluthi na nusu ya mwendo wake, usizidishe. Mtu anayekaza mpaka shoki zigonge mwisho anadhani ameimarisha kazi, kumbe ameziua sili za oili; ikipigwa na matuta ya saa tatu nne, oili itakuwa inachuruzika kwenye mirija. Ukiogopa kuzidisha, weka kipande cha mbao kati ya tairi na chuma kile cha chini, ukipima kwa urefu unaotaka shoki zibaki nao. Ila hakikisha hakibani madigadi ya plastiki.

Mikanda miwili ya nyuma kazi yake ni kuzuia mkia usicheze. Ipitishe kwenye fremu chini ya kiti au kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Kwenye ekzosi, taa za indiketa au keria ya mizigo usiguse. Hii ya nyuma haihitaji kukazwa kama ya mbele.

Stendi zote zikunjwe. Pikipiki isimame kwa tairi zake. Ikikaa kwa stendi ya pembeni, shoki zikicheza stendi inapokea uzito wote kwa nukta moja, inatoboa bati la bodi au inapinda, na mikanda ya upande mmoja inalegea. Weka gia ya kwanza, funga koki ya petroli, bakisha robo ya tangi tu. Faida ya kupunguza petroli si uzito, maana lita 8 unazozitoa hazifiki kilo 7. Faida ni kwamba kukitokea la kutokea, kinachomwagika ni kidogo.

dereva_wa_tana

Fundi amesema kweli. Naongeza habari ya bodi. Hilux ya kabini mbili ina kama mita 1.5 kwa urefu na mita 1.5 kwa upana. Boxer ina urefu wa mita 2 na kidogo. Ukiipanga imenyooka, gurudumu la nyuma litakalia mlango wa nyuma ulioshushwa, na mlango ule unaning'inia kwa nyaya au vyuma viwili vyembamba ambavyo havikuundwa kwa kudundwa na mzigo kutoka Malindi hadi Hindi. Ipange mshazari. Gurudumu la mbele liingie kona ya mbele ya bodi, la nyuma lielekee kona ya pili. Kwa mshazari unapata mita 2.1. Pima na yako kwa futi kamba kabla hujamlipa mwenye gari, kwa sababu ikiwa na keria ndefu ya nyuma huenda mlango usifungike. Usipofungika, uwe wazi lakini gurudumu la nyuma libaki juu ya sakafu ya bodi, na kinachotokeza kifungwe kitambaa chekundu.

Ukiiweka mshazari, usukani unasogelea kioo cha nyuma cha kabini. Acha nafasi ya kiganja kizima baada ya kukaza, maana shoki zikicheza usukani husogea. Vua vioo vya pembeni vyote viwili, ni spana moja tu. Gurudumu la mbele liwekee vipande viwili vya mbao vya inchi 2 kwa 4, kimoja kila upande, vipigiliwe misumari kwenye ubao mpana uliolala sakafuni. Gurudumu lisilobanwa hupinda kushoto au kulia, na likishapinda mikanda yote inalegea kwa pamoja.

Angalia pia gari lenyewe lina pete za kufungia ndani ya bodi. Kama hazipo, chuma cha kinga kilichofungwa kwa bolti nyuma ya kabini kinafaa, na vile vyuma vya chini ya ukingo wa nje. Plastiki ya kufunika bodi haishiki kitu.

Mwana_Hindi

Shukran sana. Mikanda ya racheti nimeona miwili tu dukani. Ile mingine naweza kutumia kamba? Na bado swali la kuipandisha. Kuna boriti za mikoko karibu, zitafaa kuwa daraja?

nahodha_mokowe

Miwili ya racheti iweke mbele, nyuma tumia kamba. Lakini kamba si zote. Ya katani ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, na ukitoka alfajiri na umande utafika Witu imeshalegea. Ile ya plastiki ya buluu inateleza fundoni na jua linaila. Ikiwa imepauka na inatoa vumbi ukiikunja, usiitumie. Chukua kamba ya nailoni au poliesta iliyosukwa, unene wa milimita 10. Nailoni huvutika kidogo, kwa hiyo poliesta ikipatikana itangulie.

Namna ya kuikaza bila racheti: funga ncha moja kwenye fremu ya pikipiki. Katikati ya kamba fanya kitanzi kidogo kisichoteleza. Ncha huru ipitishe kwenye pete ya gari, irudishe juu, ipenye kitanzini, kisha vuta chini. Kamba inazunguka mara mbili, hivyo mkono wako unapata nguvu karibu maradufu. Bana kwa vidole pale kwenye kitanzi, piga mafundo mawili ya nusu, maliza. Pale kamba inapopita juu ya ukingo wa bati weka kipande cha tyubu ya zamani. Mipira yako itumie hapo, na pia kufungia midomo ya kulabu zilizo wazi. Kulabu la mdomo wazi huchomoka pale gari linapozama tutani na mkanda ukapumua kwa nukta moja. Ukilizungushia mpira halichomoki.

Boriti ni za duara, tairi itateleza. Ukitaka kuzitumia sharti upigilie mbao za kukatiza juu yake, na mpaka umalize ungeshapata ubao.

dereva_wa_tana

Ubao wa inchi 2 kwa 10, futi 8, wa mti mgumu, usiwe na fundo kubwa katikati. Urefu una maana. Sakafu ya Hilux iko kama sentimita 80 kutoka chini. Kwa ubao wa futi 8 mnasukuma theluthi ya uzito, kilo 40. Kwa ubao wa futi 6 inakaribia kilo 53, na pale juu tumbo la pikipiki na stendi kubwa vinakwaruza ukingo wa mlango. Bora zaidi, rudisha gari kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yashuke kwenye mtaro mdogo mkavu, au nyuma ielekee kichuguu cha mchanga ulioshindiliwa. Ukipunguza sentimita 30 tu, kazi inakuwa nyepesi kabisa.

Toboa ubao karibu na ncha ya juu, upitishe kamba, uufunge kwenye bampa ya chuma au chuma cha kuvutia. Ubao usiofungwa unarudi nyuma pikipiki inapofika juu, na hapo ndipo miguu ya watu inavunjika. Ubao wa pili uweke kando yake, wa mtu anayeshika usukani. Handibreki juu, gari liwe gia ya kwanza.

Watu watatu: mmoja kwenye usukani upande wa kushoto, vidole kwenye klachi na breki, mmoja nyuma kwenye keria, wa tatu upande wa kulia. Injini izimwe, msukume. Wapo wanaoiwasha na kuipandisha kwa gia ya kwanza, lakini akselereta ikiponyoka mkononi pikipiki inaingia kioo cha kabini.

bi_shela

Jambo la karatasi msilisahau. Pikipiki iliyo juu ya gari huulizwa barabarani kuliko inayoendeshwa, hasa ukishapita Garsen ambako vizuizi vya usalama ni vingi. Anayesafiri nayo awe na nakala ya logibuku (hati ya umiliki), makubaliano ya mauzo yaliyotiwa sahihi na pande zote mbili, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Namba ya fremu ilinganishwe na logibuku kabla ya kupakia, kwa sababu ikishafungwa mshazari haionekani vizuri na askari ataomba muifungue yote. Uhamisho wa umiliki wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) uanzishwe mapema kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji akiwa bado anapatikana kwa simu.

fundi_barani

Dada kasema. Nimalizie upande wa njiani na kushusha.

Mkanda mpya hukaa baada ya mwendo mdogo. Simama ukishavuka daraja la Sabaki, kaza tena. Simama Gongoni, simama Garsen. Jaribu kwa kushika kiti na kutikisa ubavuni: gari lote likitikisika na pikipiki, iko sawa, pikipiki ikitikisika peke yake, kaza. Mkanda mpana ukiwa mrefu, upe nusu mzunguko kabla ya kuukaza, hapo upepo hautaupigapiga mpaka ulegee. Mkia wa mkanda unaobaki ufunge fundo, usifike kwenye gurudumu la gari. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye matuta karibu usimame kabisa.

Kushusha ndiko kunakoumiza watu, kwa sababu wamechoka na wanaona safari imekwisha. Fungua mikanda ya nyuma kwanza. Ya mbele mtu akishaishika pikipiki, fungua moja, hakikisha haiegemei, kisha ya pili. Shoki zitainuka kwa ghafla, uso uwe mbali. Inashuka kinyumenyume, kwa hiyo uzito wote unahamia gurudumu la nyuma na la mbele linakuwa jepesi. Ukitegemea breki ya mbele peke yake, tairi itafunga na kuteleza juu ya ubao. Acha gia ya kwanza, injini imezimwa, shika klachi. Ukitaka isimame, achia klachi, injini inalizuia gurudumu la nyuma. Ukitaka ishuke, bana klachi kidogo. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka tairi zote ziguse mchanga.