Msaada wakuu: nipime vinasaba kabla ya kupewa dawa kali za maumivu?

Kimya_Kingi (mleta uzi): Wakuu habari. Nakaribia kufanyiwa upasuaji wa goti na nimeambiwa nitaondoka na tramadoli. Kaka yangu wa tumbo moja alifariki kwa kuzidisha heroini, na baba mdogo naye alimalizwa na unga. Nasikia kuna kipimo cha vinasaba kinachoonyesha kama una hatari ya uraibu. Nani anakijua? Matusi sihitaji.

Mzee_wa_Hoja: Uraibu ni malezi. Kwetu tulichapwa na hakuna aliyegusa hata sigara. Ukiacha mdogo wangu mmoja, na yule aliharibiwa na ndoa.

NesiZamuUsiku: Mzee, malezi yamo ila si yote. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye takribani nusu. Na hakuna jeni moja ya uteja. Ziko nyingi, kila moja inasukuma kidogo.

Kipimo unachokisema nadhani ni AvertD, kinaangalia sehemu 15 za vinasaba. Oktoba 2022 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa Marekani lilikikataa kwa kura 11 dhidi ya 2. Desemba 2023 kikaidhinishwa hivyo hivyo, wataalamu wengi wakalalamika. Tena ni cha mtu ambaye hajawahi kumeza dawa za jamii ya afyuni, yaani ndugu za heroini kama hiyo tramadoli yako. Wewe hujawahi?

Kimya_Kingi: Mimi nimeuliza kuhusu kipimo tu.

Shangazi_Mkali: Hujajibu, mwanangu. Umewahi au hujawahi?

Kimya_Kingi: Haya. Nilianza na vidonge, nikaishia kwenye unga pamoja na marehemu kaka. Nimeacha zaidi ya mwaka. Daktari hajui na simwambii, maana akijua nitakuwa teja machoni pake, nitaugulia goti lililopasuliwa kwa parasetamoli. Kipimo nimeshalipia. Kikitoka safi nanyamaza, kikitoka kibaya ndipo nitasema. Kuna ubaya gani hapo?

NesiZamuUsiku: Upo. Unga ukitumika muda mrefu huacha alama za kemikali juu ya vinasaba bila kugusa herufi zake. Watu waliowahi kutumia heroini wamepimwa damu, wakakutwa na alama hizo kwa wingi kwenye OPRM1, jeni ya kipokezi cha afyuni, yaani pale dawa hizo zinaposhika mwilini. Kipimo chako kinasoma herufi ulizozaliwa nazo, yaliyokupata baadaye hakiyaoni.

Linaloua haraka zaidi ni hili: mwili wako umeshasahau unga. Ile dozi uliyokuwa unaimudu zamani, leo inakukata pumzi. Halafu kuna ini. Wapo ambao kimeng'enya chao cha CYP2D6 kinaigeuza tramadoli upesi mno kuwa kitu kikali zaidi, na wapo wasioisikia kabisa. Kwa sababu hiyo Marekani 2017 waliizuia kwa watoto chini ya miaka 12.

Mweleze daktari wa usingizi. Kuna ganzi ya kuzuia neva za mguu, kuna dawa nyingine zisizo za jamii ya afyuni. Na nyumbani iwepo naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha, na mtu anayejua kuitumia.

Bwana_Nauli: Binamu yangu yuko kwenye methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga. Kila asubuhi anakunywa kikombe kidogo mbele ya nesi, kisha anaambiwa aongee ndipo aondoke, wahakikishe hajaificha mdomoni. Arosto ilimwacha. Kukopa hela hakujamwacha.

Fundi_Saa: Wakuu mnanyweshwa chai. ID imefunguliwa leo, na AvertD haitoki bila kuandikwa na daktari. Huyu kalipia vipi wakati daktari wake hajui kitu?

Mzee_wa_Hoja: 😂😂 Nilijua tu. Kaka marehemu, baba mdogo marehemu, goti nalo mahututi.

Kimya_Kingi: ID mpya kwa sababu ile ya zamani watu wananijua! Na sikusema nimelipia AvertD. Nimeagiza cha mtandaoni, kile cha asili ya ukoo, wana na kipengele cha afya.

Shangazi_Mkali: Kwa hiyo umelipia kuambiwa mababu walihamia wapi, ndipo uamue kama daktari ajue ulikuwa unavuta unga.

Fundi_Saa: Bado nasema chai. Ila Nesi, ya kwako nimeihifadhi.

Kimya_Kingi: Nesi, hiyo ganzi ya neva, naweza kuiomba bila kueleza sababu?

NesiZamuUsiku: Kuomba unaweza. Ila kabla ya upasuaji atakuuliza umewahi kutumia dawa gani, na hapo hapo ndipo anapopanga dozi ya usingizi wako.