Tupeane uzoefu: mgonjwa wako wa akili karudi wodini mara ngapi, na kinachomrudisha ni nini?

Mama Zuhura: Nimetoka kumfikisha mdogo wangu dharura, mara ya nne mwaka huu. Nesi kamwita kwa jina kabla sijatoa daftari lake. Imeniuma. Kwenu ikoje?

Bin Mvuvi: Bangi. Akitoka ana afya, wiki mbili kijiweni, tunaanza upya.

Dada wa Tabata: Kaka yangu ni seremala. 2019 tulimpeleka kafungwa kamba kwenye bajaji, watoto wanakimbia nyuma wanapiga kelele. Akachomwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, akatulia, tukapewa vidonge na tarehe ya kliniki. Nyumbani shingo ikaanza kupinda, macho yanapanda juu yanakwama hukohuko. Mama akasema hii si dawa, ni sumu. Hakuna aliyetuambia kuwa hayo ni madhara na yana dawa yake. Tukamhamishia kwa mganga siku arobaini. Karudi kakonda, siku tatu hajalala, yuko juu ya bati anahubiri. Kamba tena, bajaji tena. Safari ya tatu nikageuza godoro lake, nikakuta soksi imefungwa fundo, ndani vidonge 63. Alikuwa anavibana chini ya ulimi, mama akigeuka anavitema. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu. Akasema, "Dada, nikimeza mikono inatetemeka, randa haishikiki."

Mama Zuhura: Hilo la randa limeniliza.

Kijana wa Mbagala: Muozesheni, atatulia.

Mama Zuhura: Na huyo binti wa watu kakosa nini?

Mtumishi: Dawa zinatuliza mwili tu. Mleteni kwenye maombi.

Bin Mvuvi: Wangu aliambiwa atupe dawa madhabahuni. Wiki ya pili kavunja vioo vyote vya nyumba. Ombeeni, ila dawa msiziguse.

Mtumishi: Sijasema aache dawa.

Bin Mvuvi: Rudia kusoma ulichoandika.

Nesi Mstaafu: Wanangu, shingo ikipinda mkimbizeni hospitali hapohapo, kuna dawa ya kuilegeza. Mikono ikitetemeka semeni kliniki, dozi inapunguzwa au dawa inabadilishwa. Msipunguze wenyewe. Anayeficha vidonge, ulizieni sindano ya mwezi, ile inayochomwa mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Wengine wanaacha kwa sababu dawa zinaleta njaa na nyumbani hakuna chakula. Na chungeni usingizi: akikesha siku mbili mpelekeni, msisubiri mpaka avue nguo barabarani.

Mama Zuhura: Na nauli, mama? Elfu kumi na mbili kwenda na kurudi, ukifika dirishani unaambiwa dawa hakuna, kanunue nje.

Nesi Mstaafu: Hapo mwanangu sina la kukujibu. Hilo nililiona miaka yote.

Kijana wa Mbagala: Dada wa Tabata, kaka yuko wapi sasa?

Dada wa Tabata: Yuko uani anapiga msasa kitanda cha mteja. Walimbadilishia dawa, sasa ni sindano ya mwezi. Ijumaa ndiyo tarehe yake, nauli nimeshaitenga.