Monaco au Saint-Tropez kwa siku tatu?

Mzalendo wa Kurasini
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumpeleka mama watoto mahali pa kitajiri kule pwani ya Mediterania. Siku tatu tu, tule vizuri, tupige picha, turudi. Nimebaki na Monaco na Saint-Tropez. Ipi bora? Hoteli inataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa.

Chuma cha Pua
Mwezi gani? Pasi ya wapi? Bajeti? Mnatokea wapi? Tutashauri nini hapa?

Bi Mwenda Pole
Monaco, wala usijiulize. Nchi nzima ni kama kilomita 2 za mraba, na pale kwenye vilima wameweka lifti za umma, bure. Saa sita mchana kasoro dakika tano walinzi wanabadilishana zamu mbele ya kasri, kisha mnaingia makumbusho ya bahari yaliyofunguliwa 1910. Ufukwe wa Larvotto ni wa umma. Ila wewe baba usitembee mjini kifua wazi, askari watakusimamisha.

Nahodha wa Tanga
Monaco ni zege tupu, maghorofa yamebanana mpaka baharini. Anayetaka bahari aende Saint-Tropez. Bandari ya zamani, vichochoro, na Jumanne na Jumamosi kuna soko Place des Lices. Ule na ile tarte tropézienne, mkate mtamu wenye krimu katikati.

Mzalendo wa Kurasini
Samahani wakuu. Pasi ya Tanzania. Nitakuwa Marseille kikazi, yeye atanifuata. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, tumeomba kupitia Ufaransa. Bajeti ipo ya kutosha.

Chuma cha Pua
"Ya kutosha" siyo tarakimu, mkuu. Na mwezi bado hujasema.

Mjomba Lyon
Nisikilizeni mimi niliyeungua. Tulikwenda Saint-Tropez mwezi Agosti kwa gari la kukodi. Mji hauna stesheni ya treni, kwa hiyo wote mnabanana barabarani, mwenye Ferrari na mwenye kigari cha kukodi. Ukiwa Sainte-Maxime, ng'ambo ya ghuba, Saint-Tropez unaiona kwa macho. Basi tuliitazama hivyohivyo kwenye foleni mpaka watoto wakalala. Kufika, maegesho yamejaa. Tukaenda Pampelonne, ufukwe ambao kila mtu anauita wa Saint-Tropez kumbe uko Ramatuelle, mji wa jirani. Sehemu tuliyoingia siitaji. Kitanda kina bei yake, mwavuli bei yake, mstari wa mbele bei nyingine. Tukaagiza samaki mzima wa kuchoma. Menyu imeandika bei ya gramu 100, tena kwa herufi ndogo. Samaki akaletwa mezani mbichi, tukaonyeshwa, tukamsifu, akarudishwa jikoni. Bili ilipokuja, shemeji yenu hakusema nami hadi tumefika nyumbani.

Nahodha wa Tanga
Agosti! Ulifuata nini Agosti? Ufaransa nzima iko likizo. Nenda Septemba, na usiende kwa gari. Shuka treni Saint-Raphaël, panda boti, kama saa moja unaingia bandarini.

Karani Mstaafu
Mmesahau jambo kubwa. Monaco haimo Umoja wa Ulaya. Ukivuka umetoka Schengen, na kama viza ni ya kuingia mara moja, imekufa.

Bi Mwenda Pole
Huo ni uzushi. Hakuna mpaka wa kugonga muhuri. Unapanda treni Nice, mji wa Ufaransa wa jirani, dakika 20 na kitu umefika. Hata hela yao ni euro.

Karani Mstaafu
Euro siyo viza, bibi.

Chuma cha Pua
Viza ya Schengen ya Ufaransa inatosha kuingia Monaco, na hesabu ya siku 90 za kukaa Schengen inaendelea kama kawaida. Bebeni pasi tu, kasino wanataka kitambulisho.

Ustadh wa Mji Mkongwe
Kasino tena? Raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza kamari humo. Mnadhani ni kwa nini?

Mjomba Lyon
Wanakatazwa nini wakati kodi ya mapato ilifutwa 1869? Wageni ndio wanaochunwa. Sisi.

Chuma cha Pua
Turudi kwenye mada. Mzalendo, lala Nice, hoteli zina afueni, Monaco nenda kwa treni na urudi. Ila kama ni wiki ya mbio za magari za Formula 1, achana nayo. Zilikuwa mwishoni mwa Mei, kuanzia 2026 zimehamia Juni, na majukwaa na vizuizi vinajengwa wiki nyingi kabla. Picha zako zote zitakuwa za mabomba.

Nahodha wa Tanga
Unampeleka mke kwa anasa halafu unamlaza Nice apande treni ya wafanyakazi asubuhi? Hapana.

Bi Mwenda Pole
Nice ina kasoro gani? Watu mna dharau.

Mzalendo wa Kurasini
Wakuu, mama watoto amesoma uzi wote. Sasa anasema Capri, kile kisiwa cha Italia.

Nahodha wa Tanga
Shemeji ana jicho! Boti kutoka Napoli, panda gari la kamba pale Marina Grande mpaka mjini. Ila Pango la Buluu msilitegemee, bahari ikichafuka kidogo linafungwa.

Mjomba Lyon
Samaki wa huko mnawajua bei?

Karani Mstaafu
Na Capri nayo imo Schengen?

Bi Mwenda Pole
Karani, nenda kalale.