Wakala wa tiketi za ndege mtandaoni amenipiga: nusu kwa kadi, nusu uhamisho wa benki. Hela inarudi?

BegiTayari aliuliza:

Wakuu, naomba hatua, pole nitazipokea baadaye.

Tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi, tovuti ya wakala. Nusu ya kwanza nililipa kwa kadi ya Visa na OTP (namba ya siri ya mara moja ya kuidhinisha malipo) nikaingiza mwenyewe. Dakika chache baadaye wakala akadai kadi "imegoma kumalizia", nitume iliyobaki kwenye akaunti yake ya benki. Nikatuma. Nikaletewa karatasi ya ratiba ya safari yenye PNR (namba ya buking), na kwenye tovuti ya shirika la ndege ikafunguka vizuri, majina yetu yote mawili yakiwemo. Siku ya tatu PNR hiyo hiyo inasema hakuna buking kama hiyo.

Wakala kwanza alisema mfumo unasasishwa. Sasa anasema atarudisha hela ndani ya siku 60 za kazi. Safari ni miezi mitano ijayo. Malipo yote mawili yana siku 9 leo.

Benki nimewapigia. Wanasema kwa kuwa OTP niliweka mimi, muamala ni wangu na hakuna wanachoweza kufanya. Ndiyo imetoka hiyo?

Stakabadhi alijibu:

Haijatoka. Ila hizo ni kesi mbili, usizichanganye kwenye barua moja. Naanza na ya kadi kwa sababu ndiyo yenye nguvu.

Mhudumu wa benki amekujibu sawasawa, kosa liko kwenye swali. Ukipiga simu ukasema "nimeibiwa kwenye kadi", anafungua kundi la miamala isiyoidhinishwa na mwenye kadi. Hapo OTP inakumaliza, na ni haki, maana uliidhinisha wewe. Dai lako ni jingine kabisa: umelipia huduma na haikutolewa. Visa wanaliita sababu 13.1. Kwa Mastercard linaingia chini ya sababu namba 4853. OTP inamlinda muuzaji dhidi ya mteja anayesema "si mimi niliyelipa". Haimlindi dhidi ya anayesema "ni mimi, nimelipa, sijapewa kitu".

Kwa hiyo usidanganye kwamba hukulipa ukidhani ndiyo njia ya mkato. Watu wengi wenye haki wanapoteza kesi hapo hapo, na ukishaandika uongo kwenye fomu ya kwanza, kubadilisha sababu baadaye ni kazi.

Omba fomu ya kupinga muamala, wengine wanaiita chajibeki. Peleka kwa maandishi, kupitia barua pepe au ndani ya programu ya benki, upate namba ya kesi. Maelezo yawe mafupi, mfano:

"Muamala huu niliuidhinisha mwenyewe tarehe __ kwa ajili ya tiketi mbili za ndege. Tiketi hazikutolewa. Shirika la ndege limethibitisha hilo kwa maandishi, kiambatisho A. Tarehe __ nilimtaka muuzaji atoe tiketi au arudishe fedha, kiambatisho B. Hajafanya lolote kati ya hayo. Napinga muamala wote kwa sababu huduma haikutolewa."

Basi. Usiandike kurasa tatu za uchungu. Anayesoma anatafuta vitu vinne: uliidhinisha nini, uliahidiwa nini na lini, umejuaje hakipo, na ulimdai muuzaji kabla ya kuja benki. Hicho cha nne wengi wanakiruka, na faili linarudishwa.

Sasa zile siku 60 za kazi. Ni wiki 12, yaani siku 84 za kalenda. Jumlisha 9 ulizokwisha kukaa, unafika 93. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida zinatoa siku 120, na kwa huduma ya tarehe ya mbele zinahesabiwa kuanzia siku ile huduma ilipotarajiwa, mradi usivuke siku 540 tangu malipo. Ila si kila mhudumu wa benki anahesabu hivyo. Akihesabu kuanzia siku ya malipo, unabaki na siku 27 na wakala bado hajapokea simu. Ahadi yake weka kama ushahidi, usiisubiri.

KauntaYaTiketi alijibu:

Naongezea upande wa tiketi, kwa sababu kiambatisho A ndicho kinachobeba kesi.

PNR si tiketi. PNR ni herufi na tarakimu sita zinazoonyesha kuwa kiti kimeshikwa. Tiketi ni namba yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 071 Ethiopian Airlines, 157 Qatar Airways, 176 Emirates, na kadhalika. Wakala anaweza kushika kiti bila kulipa hata senti. Shirika linampa muda wa kutoa tiketi, mara nyingi siku moja hadi tatu, ukipita mfumo unafuta buking wenyewe. Ndiyo maana ilifunguka siku ya kwanza na majina mkayaona. Mchezo wote umejengwa juu ya siku hizo mbili za utulivu.

Kabla ya kumwita tapeli, kagua jambo moja. Mifumo ya mawakala, kama Amadeus na Sabre, ina PNR yake, na shirika linaweza kuwa na yake tofauti. PNR ya wakala kugoma kwenye tovuti ya shirika pekee si ushahidi. Yako ilifunguka halafu ikapotea, hiyo ni dalili mbaya zaidi, lakini benki haitafanya kazi na dalili. Waandikie shirika la ndege kwa barua pepe, atume abiria mwenyewe ambaye jina lake limo, na swali liwe hivi: "Je, kuna tiketi yoyote iliyotolewa kwa abiria hawa chini ya PNR hii? Kama ipo, namba yake ni ipi na hali yake ni ipi?" Ukiuliza tu "buking yangu iko wapi" utajibiwa uwasiliane na wakala wako, na jibu hilo halikusaidii popote.

Angalia karatasi uliyopewa: ina namba ya tarakimu 13 au PNR tu? Na kwenye taarifa ya kadi, jina la mpokeaji ni lipi?

BegiTayari:

Asanteni sana. Namba ya tarakimu 13 ipo, moja kwa kila abiria. Hilo ndilo lililonipa imani. Taarifa ya kadi inaonyesha jina la duka la nguo, hata sikuelewa.

Halafu kuna mtu amenifuata inbox, anasema yupo kitengo cha kufuatilia fedha zilizoibwa mtandaoni, anataka asilimia 10 kwanza.

KauntaYaTiketi:

Namba ikiwepo kuna mambo matatu. Ya kwanza, imebuniwa tu, ukiiweka kwenye tovuti ya shirika haileti kitu. Ya pili, ni ya abiria mwingine kabisa. Ya tatu ndiyo ya kijanja: tiketi ilitolewa kweli, ukaihakiki ukaridhika, kisha wakala akaibatilisha. Wakala ana nafasi ya kubatilisha tiketi bila gharama, kwa kawaida siku ile ile ilipotolewa, na hela inarudi kwake, si kwako. Kwenye mfumo hali yake inasomeka VOID. Ingekuwa hai ingesomeka OPEN. Kuna pia REFUNDED, maana yake imerudishiwa hela baadaye. Ndiyo sababu nilisema uulize hali, si kuwepo tu. Barua ya shirika yenye neno VOID na tarehe yake inatosha kumnyamazisha mtu yeyote atakayeleta ile karatasi kama ushahidi kwamba tiketi ilitolewa.

Stakabadhi:

Hilo duka la nguo ni zawadi. Maana yake wakala hana akaunti ya kupokea kadi kwa jina lake, anapitishia malipo kwenye akaunti ya biashara nyingine. Hairuhusiwi. Andika mstari mmoja kwenye fomu: "Muuzaji alijitambulisha kama wakala wa tiketi za ndege, jina lililotokea kwenye kadi ni la duka la nguo ambalo sijawahi kununua kwake chochote." Ambatisha picha ya ukurasa wa malipo, anwani ya tovuti ionekane juu, na tarehe.

Picha za skrini piga leo, tovuti hizi hufungwa bila taarifa. Ukurasa wa malipo, masharti, ukurasa wa mawasiliano, mazungumzo yote tangu mwanzo bila kukata. Barua pepe usizipige picha tu, zihifadhi zenyewe. Tafuta pia tarehe ya kusajiliwa kwa jina la tovuti kwenye huduma ya kutafuta usajili ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti, ni bure. Tovuti inayojinadi kwa uzoefu wa miaka kumi na jina limesajiliwa miezi miwili iliyopita, hiyo nayo iingie kwenye faili.

Na kadi yenyewe omba ifungwe utolewe nyingine. Namba zako ziko mikononi mwao. Kubadilisha kadi hakuharibu dai, linafuata akaunti na muamala.

Uhamisho_na_Hesabu alijibu:

Mimi nazungumzia nusu ya pili, na sitakupaka mafuta: hii ni ngumu. Chajibeki haiigusi, maana haikupita kwenye kadi. Na ndiyo sababu wakala alisema kadi imegoma. Haikugoma.

Siku 9 ni nyingi, lakini fanya hivi leo hii. Piga kitengo cha utapeli cha benki yako, si dawati la kawaida, useme umetapeliwa na unataka watume ombi la kurudisha muamala kwa benki iliyopokea, sababu iandikwe utapeli. Kama ni uhamisho wa kimataifa, ombi hilo linaenda kwa ujumbe wa camt.056, zamani MT192. Omba nakala ya ujumbe wa malipo wenyewe, wengi bado wanauita MT103, na ndani yake chukua namba ya UETR, ile ndefu yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari. Kwa namba hiyo benki yako inaona hela ilifika wapi na saa ngapi. Wakikuambia "haifuatiliki", wape UETR uwaulize tena.

Inapokwama ni hapa: benki iliyopokea hairudishi kwa kuombwa tu. Inahitaji mwenye akaunti akubali, au amri ya mamlaka. Tapeli hakubali. Kwa hiyo taarifa ya polisi si karatasi ya kujifariji, ndiyo inayoiwezesha benki kuzuia salio. Kwenye taarifa hiyo yaandikwe jina na namba ya akaunti iliyopokea, jina la benki, kiasi, tarehe, saa na namba ya kumbukumbu. Taarifa isiyo na namba ya akaunti haizuii chochote. Nakala moja ipeleke pia kwa benki iliyopokea, kitengo chao cha utapeli. Hawatakuambia salio la mtu wala chochote, usikasirike, lakini akaunti itawekwa alama, na kama kuna wahanga wengine mafaili yanakutana.

Akaunti hizi mara nyingi ni za kuazima, mwenyewe kakodisha jina na hela hutolewa ndani ya saa chache. Kwa hiyo tegemea sehemu, au sifuri.

Angalia pia kama nchi yako ina kanuni ya kuilazimisha benki kufidia. Uingereza wanayo tangu 7 Oktoba 2024, kwa uhamisho wa ndani, hadi pauni 85,000. Sehemu nyingi bado hakuna.

Kwa wanaosoma na walilipa kwa njia nyingine, kwa ufupi. Pesa za simu: piga kwa mtoa huduma dakika hiyo hiyo, salio likishatolewa kwa wakala wa mtaani hakuna cha kuzuia. PayPal: siku 180 tangu malipo, mradi ulituma kama malipo ya bidhaa au huduma, si ya marafiki na familia. Ukifungua mgogoro una siku 20 kuupandisha uwe dai, ukizembea unajifunga wenyewe na haufunguki tena.

Huyo wa inbox mfungie. Aliona uzi huu, au ni wakala yule yule kwa jina jingine. Hakuna benki wala polisi wanaotoza asilimia kabla ya kurudisha. Akikuomba "kuthibitisha akaunti" kwa OTP, ujue anakuja kumalizia iliyobaki.

BegiTayari:

Nimeandika kwa shirika la ndege na nimepata fomu. Wakinirudishia ya kadi, ndiyo imeisha?

Stakabadhi:

Hapana, na usiitumie bado. Benki nyingi huweka hela kwanza kwa muda. Muuzaji anapewa nafasi ya kujibu, hadi siku 30 kwa Visa, 45 kwa Mastercard. Akijibu, atatuma ile ratiba yenye PNR na masharti uliyoweka tiki. Benki itakuletea majibu yake na kukupa siku chache tu za kuyapinga, na ukikaa kimya hela inatolewa tena kwenye akaunti. Soma barua pepe za benki kila siku, hata zilizoingia kwenye taka.

Jibu lako kwa ratiba ni barua ya shirika. Jibu kwa kifungu cha "tiketi hairudishiwi fedha" ni kwamba kifungu hicho kinahusu tiketi iliyotolewa ikabaki hai, na hapa haikutolewa au ilibatilishwa. Yakija, yalete hapa tuyasome pamoja, ukifuta majina na namba kwanza.