Naomba ushauri: kamati ya klabu yetu haitaki kuitisha mkutano mkuu

Ndugu zangu habari, naombeni msaada hasa nyie mnaojua mambo ya klabu za wanachama. Mi ni memba wa klabu moja hapa Jinja, kuna tenisi, baa na ukumbi wa harusi, imeandikishwa URSB (ofisi ya usajili wa makampuni hapa Uganda) kama kampuni ya dhamana isiyo na hisa, yaani memba hawana hisa, wameahidi tu kuchangia kiasi fulani ikifungwa. Sasa kamati imekaa tu, mkutano mkuu mwaka jana haukufanyika, hesabu zilizokaguliwa hatujaziona, na juzi wamepandisha ada kwa meseji ya WhatsApp, eti asiyelipa jina lake linabandikwa ubaoni. Inaniuma kweli maana wazee waliotuachia hii klabu walikuwa wanajadili mpaka bei ya soda mbele ya memba wote.

Nimesoma sheria ya makampuni ya 2012, kwa kampuni isiyo na hisa memba wenye angalau sehemu moja ya kumi ya kura wanaweza kudai mkutano wa dharura kwa barua waliyosaini, na wakurugenzi (kwetu ndo kamati) wakikaa siku 21 bila kuuitisha memba wenyewe wanauitisha. Shida orodha ya memba anayo katibu na ndo mtu wa mwenyekiti, bila hiyo ntajuaje tunahitaji saini ngapi? Na wale ambao hawajalipa hiyo ada mpya, kamati si itasema hawana kura? Aliyewahi kupitia hili anisaidie, tuanze na barua wenyewe au tutafute wakili kwanza?