Binti anakariri maneno ya Kiingereza mia nne, lakini insha zinazidi kudorora: nimsaidieje?

Mama Akinyi, Ahero

Hamjambo nyote. Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, na likizo hii amekuja nyumbani na daftari lenye maneno ya Kiingereza yapatayo mia nne, kila moja likiwa na maana fupi pembeni. Huyakariri alfajiri na usiku. Hata hivyo, insha yake ya mwisho ilirudi na alama 9 kati ya 20, na mwalimu wake ameandika kwamba lugha ni ya kulazimisha. Nilipoisoma nilielewa: mhusika anakwenda tu kuteka maji, lakini jua linatabasamu, ndege wanaimba nyimbo za mbinguni, na kila mtu anayepita ana sifa tatu ambazo hata mimi sikuzielewa. Mimi ni mshonaji, Kiingereza changu ni cha kujikimu, wala sina uwezo wa kumlipia masomo ya ziada. Je, ayaache maneno hayo, au kuna namna bora ya kuyajua?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mama Akinyi, pokea salamu. Nimesahihisha insha kwa zaidi ya miaka ishirini, na daftari la namna hiyo nalifahamu vizuri. Bidii ya mtoto haina dosari. Dosari iko katika jinsi maneno yalivyoandikwa humo. Neno lililonakiliwa peke yake na maana moja halimwonyeshi mwanafunzi kwamba huandamana na maneno gani mengine. Sisi husema mvua kubwa, Waingereza husema "heavy rain". Mwanafunzi anayejua kwamba "heavy" ni kizito na basi ataandika "big rain", asijue amekosea wapi. Kitenzi chetu kupiga nacho kina mitego yake, kwa maana tunapiga simu, pasi, picha na kura, na kila kimojawapo kina kitenzi chake katika Kiingereza. Tena, kwa kuwa Kiswahili husema kusikia harufu, wapo wanaoandika kwamba wahusika wao "heard" harufu ya samaki. Na "niazime kalamu" imezaa "borrow me your pen", kosa ambalo nimelisahihisha mpaka wino ukaniishia.

Kwa hiyo anapolikuta neno, aandike sentensi nzima alimolikuta, kisha atunge yake mwenyewe kuhusu jambo la nyumbani. Faida yake huonekana hata katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, penye kifungu chenye mapengo 10 na alama 10. Pengo halijazwi kwa neno la fahari. Hujazwa kwa lile linalokubaliana na jirani zake, na mara nyingi ni kihusishi kifupi ambacho hakuna mtoto anayejisumbua kukiandika daftarini.

Jambo la pili ni ukoo wa maneno. Binti yako tayari amesoma mnyambuliko: kutokana na ajiri tunapata mwajiri, mwajiriwa na ajira. Kiingereza nacho hutumia viambishi, nacho hutoa "employ", "employer", "employee", "employment" na "unemployed". Tofauti ya "-er" na "-ee" ni ileile ya mwajiri na mwajiriwa. Anayelifuata neno moja namna hiyo huvuna matano. Ajabu ni kwamba walimu wa lugha hizi mbili hunywa chai katika chumba kimoja bila kuambiana hayo.

Kuhusu maneno ya kuchagua, mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza yanayotumika sana, na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akachapisha koo 570 za maneno ya maandishi ya kitaaluma, kama vile "assess", "evidence", "interpret" na "significant". Maneno haya hayapendezi sikioni, lakini ndiyo anayokutana nayo katika vitabu vya Historia na Biolojia.

Mwanafunzi wa Maseno

Nakubaliana na Mwalimu, ila naongeza suala la kusahau. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba mengi tunayokariri hutoweka mapema sana tusipoyarudia, na kwamba marudio yaliyopewa nafasi kati yake hushinda ya mfululizo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza njia ya kadi na visanduku. Nami niliitumia shuleni kwa sababu haihitaji simu, ambayo katika shule nyingi za bweni hairuhusiwi. Kata karatasi ya manila iwe kadi, kisha gawa kasha la viatu mara tatu. Kadi za sehemu ya kwanza husomwa kila siku, za pili kila baada ya siku tatu, za tatu mara moja kwa juma. Akikumbuka kadi inasonga mbele, akikosa inarudi mwanzo. Maneno matano mapya kwa siku yanatosha.

Baba wa Watatu, Nakuru

Naomba kutofautiana kidogo. Mwanangu alikuwa na kadi hizo, tena nadhifu, na bado hakuweza kuandika aya moja yenye uhai. Kadi hutunza neno, lakini neno lenyewe sharti litoke mahali fulani. Kilichomsaidia ni kusoma hadithi nyepesi kuliko alizodhani zinamfaa, ambazo tuliazima katika maktaba ya taifa hapa mjini. Kipimo chetu kilikuwa vidole: ukurasa ukiwa na maneno mageni yanayozidi vitano, kitabu kirudishwe rafuni. Hata gazeti lililofungiwa omena tulilisoma, hasa kurasa za michezo.

Mama Akinyi, Ahero

Asanteni sana. Jana tulilifungua daftari pamoja, nikamwomba atunge sentensi kuhusu hapa nyumbani kwa kila neno la ukurasa wa kwanza. Kati ya maneno 20 aliweza kutumia 6. Hakufurahi, lakini alikubali kuyaweka kando yaliyobaki. Kisha tukaanza na "employ" ya Mwalimu, akaniambia kwamba mimi ni "employer" wa msichana anayenisaidia kibandani. Nikamuuliza, kabla sijamwajiri yule msichana, nilipokuwa nashona peke yangu, niliitwaje? Akafungua kamusi, akarudi na "self-employed", akaandika kadi yake ya kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Nyuma ya kadi hiyo aandike sentensi yenye cherehani yako ndani yake.